Kiangazi cha Farasi Juno

Jumamosi, 24 Julai 1976

Basi lilinishusha Rednal, mwisho wa njia, nikatembea na sanduku langu dakika arobaini chini ya vilima vya Lickey mpaka kambini. Njia nzima sikuona jani bichi. Nilipokuja nchi hii miaka mitatu iliyopita nilidhani Waingereza hawalijui jua. Sasa hata wao wamechoka kulisifu. Wiki nyingi zimepita bila mvua ya kulowesha leso.

Mimi ndiye muuguzi wa kambi hii ya likizo ya watoto kwa wiki sita, kisha Septemba nianze kazi ya wodi. Nimepewa chumba chenye kitanda, kabati la dawa na dirisha linaloangalia uwanja wa farasi. Watoto ni sitini, kutoka mitaa ya mjini ya Lozells na Balsall Heath, wengi hawajawahi kumgusa mnyama mkubwa kuliko mbwa, na kila mmoja atafundishwa kupanda farasi. Farasi wenyewe ni tisa.

Mkuu wa kambi, Bwana Allsop, ni mtu wa gitaa na kicheko. Mwalimu wa farasi, Miss Pargeter, hana kicheko. Ni mwembamba, umri wa mama yangu, sauti kavu. Hakunipa mkono. Aliniuliza kama naogopa farasi. Nikamwambia sijui, kwetu Kisii tulikuwa na ng'ombe. Akasema basi nitajua muda si mrefu, akaenda zake.

Sikumpenda.

Jumapili, 25 Julai

Leo nimesikia Kiswahili. Nilikuwa nakinga maji kwenye bomba la banda, sauti ikasema nyuma yangu, "Sista, hiyo maji ni ya farasi. Ya watu iko jikoni." Nusura niangushe ndoo.

Ni mzee wa Kisingasinga, kilemba cha bluu, ndevu nyeupe zimefungwa vizuri kidevuni. Anaitwa Tarlochan. Alikuwa fundi chuma Nakuru, akiwapigia farasi wa walowezi wa Njoro viatu, akahamia huku mwaka wa sitini na nane. Alifanya kazi kiwanda cha kuyeyusha chuma Smethwick mpaka kifua chake kikakataa moshi. Sasa ndiye anayewalisha farasi wa kambi na kuwasafisha. Mkewe alimfungia chapati na dengu, tukala kivulini. Sijala chakula chenye ladha ya nyumbani tangu Pasaka.

Tulipokuwa tunakula alikuja msichana mmoja, akasimama akitusikiliza, kisha akauliza kwa Kiswahili cha Kisumu kabisa kama kuna chapati imebaki. Anaitwa Raksha, ana miaka kumi na miwili, binti ya Manubhai mwenye duka la vyakula Lozells. Wametoka Kisumu miaka mitatu tu. Watoto wengine watabadilishwa kila wiki tatu, lakini Raksha atakaa mpaka mwisho, kwa sababu mama yake ni mjamzito na amelazwa. Mimi ananiita dada, na Tarlochan anamwita anko.

Jumanne, 27 Julai

Joto. Watoto watatu wamezirai wakiwa kwenye mstari wa chakula.

Jumatano, 28 Julai

Miss Pargeter aliwatoa watoto wote malishoni, kawavisha glavu, kawafundisha kung'oa magugu fulani marefu yenye maua ya njano. Nyasi zote zimekufa lakini magugu hayo yamesimama yananawiri. Alisema ni sumu kwa farasi, yanaua ini polepole, miezi hata mwaka. Yakiwa mabichi ni machungu na farasi hayagusi. Yakikauka uchungu unaondoka lakini sumu inabaki. Mtoto mmoja alicheka, akaambiwa arudi chumbani.

Tarlochan alikuwepo na toroli la kubebea. Nilimwona ameshika shina moja, analitazama, watoto wanampita.

Ijumaa, 30 Julai

Raksha amekuja kwenye dirisha langu na mgonjwa wa miguu minne. Juno ni farasi jike, wa rangi ya kahawia, mwenye pua nyeupe. Ni mpole kuliko wote, ndiyo maana hupandwa na waoga, na Raksha siku ya kwanza alikuwa mwoga kuliko wote. Sasa hamwachi. Pua ya Juno, pale penye weupe, imebabuka na kuvimba kama mkono uliomwagikiwa chai. Raksha aliomba dawa. Nikasema dawa zangu ni za watu. Akasema, "Dada, na yeye ana ngozi."

Nimempaka kalamini, ile dawa ya ngozi ya rangi ya waridi. Miss Pargeter alipopita na kumwona farasi mwenye pua ya waridi nilingoja kufokewa. Alimtazama Juno kwa muda, akasema jua la mwaka huu linachoma hata wasiochomeka, akaendelea.

Jumatatu, 2 Agosti

Hakuna jipya. Vumbi.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimezoea kuamka mapema kabla ya joto. Kila asubuhi naona uzi wa moshi nyuma ya banda. Ni Tarlochan. Hufika na basi la kwanza, hukaa ghalani peke yake na marobota ya nyasi kavu, hupekua, halafu huchoma takataka kwenye debe. Nilimuuliza anatafuta nini, akasema miiba. Nikajiambia huyu ni mtu anayejua kazi yake.

Ijumaa, 6 Agosti

Miss Pargeter ameliona lile debe la majivu. Vilima vya Lickey vimekuwa vikifuka wiki nzima, wazima-moto wako huko tangu Jumanne, na hapa mtu anawasha moto karibu na ghala. Alimfokea Tarlochan mbele ya watoto, mtu mwenye wajukuu. Yeye alisimama mikono imeshikana mbele, kama mtoto wa shule.

Baadaye nilimpelekea chai. Nilimwambia yule mama hana adabu. Akasema, "Wacha tu, sista. Yeye iko sawa." Nilidhani ni unyenyekevu.

Jumapili, 8 Agosti

Raksha anasema Juno anapiga miayo. Amehesabu: mara kumi na nane kati ya kifungua kinywa na somo. Aliigiza mbele yangu, mdomo wazi, meno yote nje, tukacheka.

Jumatano, 11 Agosti

Nyasi za malishoni zimekwisha kabisa, ardhi imepasuka nyufa za kuingia kiganja. Farasi wanakula za ghalani tu.

Nilipokuwa napeleka bandeji jikoni nilimkuta Juno bandani, amesimama paji la uso limegusa ukuta. Hakuwa anajikuna. Alikuwa anausukuma ukuta, polepole, misuli ya shingo imekaza, kama anayetaka kwenda mahali na ukuta haupo. Nilimwita jina. Sikio halikugeuka. Tarlochan akaja, akamvuta kwa kamba, akamgeuza.

"Hii iko joto tu, sista. Joto inafanya kichwa mzito."

Alikuwa anahema kwa nguvu. Nikafikiri ni kifua chake.

Jumamosi, 14 Agosti

Watoto wapya. Bwana Allsop ametangaza kwamba Jumapili ya tarehe ishirini na mbili kutakuwa na onyesho la farasi, wazazi waje, na wafadhili wa kambi pia. Raksha amechaguliwa kuongoza mstari juu ya Juno. Amemwandikia baba yake barua kurasa tatu.

Jumatatu, 16 Agosti

Sikulala vizuri, kwa hiyo leo nimefanya nilichotaka kufanya tangu Jumatano.

Miss Pargeter alipokwenda kula, nilimwomba Raksha amshike Juno, nikainua kope. Weupe wa jicho ni wa njano. Nikainua mdomo. Ufizi ni wa njano.

Mwaka jana, nikiwa mafunzoni wodini, nilimuuguza mzee wa Stechford ambaye ini lake lilikuwa limekufa. Macho yalikuwa hivihivi. Mchana kutwa alisinzia, na akiinuka alitembea moja kwa moja mpaka ukutani, akasimama hapo akingoja kufunguliwa mlango mahali pasipo na mlango. Siku za mwisho hakumjua mkewe. Mkuu wa wodi alinieleza kwamba ini lisiposafisha damu, uchafu hupanda kichwani.

Mimi si daktari wa mifugo. Lakini ini ni ini.

Raksha aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia sijui bado. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Jumanne, 17 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ghalani. Tarlochan alikuwa amekalia robota, jingine limefunguliwa miguuni pake, anapekua shada kwa shada. Kando yake palikuwa na gunia. Niliingiza mkono nikatoa mashina makavu, marefu, yenye vichwa vya maua. Rangi ilikuwa imefifia lakini njano ilikuwa bado inaonekana.

"Tangu lini, mzee?"

Hakujifanya haelewi. "Kununua, Pasaka. Kuona, mwezi wa saba."

Alinieleza huku akiendelea kupekua, hakunitazama. Mwaka jana pia mvua ilikuwa haba, nyasi zikaadimika. Wakati wa Pasaka Miss Pargeter alikuwa kitandani na homa ya mafua, akamtuma yeye kwa mkulima mmoja mgeni, akamwagiza afungue marobota kutoka kila upande wa rundo. Alifungua mawili ya juu. Yalikuwa mazuri, kulikuwa na baridi, kifua kilikuwa kinambana. Akasema yapakiwe. Mwanzoni mwa Julai akafikia ya chini, akakuta magugu mengi; yale ya katikati alikuwa ameyalisha bila kuyapekua. Ni siku ile tulipong'oa yale ya malishoni ndipo alipojua kwa hakika ni magugu gani. Tangu hapo anayatoa kila asubuhi na kuyachoma.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia kiwandani hawamtaki tena na kifua hiki, na ana miaka hamsini na minane. Kisha akaacha kupekua.

"Wewe ni mtu wa nyumbani, sista. Hawa wakisikia, hawatasema nyasi ilikuwa mbaya. Watasema Mhindi ametia farasi sumu. Na wewe unajua watasema."

Nilijua. Wiki iliyopita tu, kwenye basi la kwenda Kings Heath, mtu alinitemea maneno ambayo sitayaandika hapa, na abiria wote wakageukia madirishani.

Akaomba nimpe mpaka Jumapili. Onyesho likipita, atamwambia Miss Pargeter mwenyewe, kwa mdomo wake. Wakati huo Juno hatapandwa na mtoto yeyote. Atasema anaumwa mguu wa mbele, na Raksha atapewa farasi mwingine.

Nilisimama pale na lile shina mkononi. Nikakubali. Nilimpa siku tano kana kwamba zilikuwa zangu.

Jumatano, 18 Agosti

Juno amebaki bandani. Raksha amepanda farasi mwingine, amenuna. Tarlochan aliniamkia kwa mbali. Sikula.

Alhamisi, 19 Agosti

Nitaandika yote kwa mpangilio kwa sababu najua nitaulizwa.

Saa nne asubuhi nilikuwa namfunga bandeji mtoto aliyechubuka goti. Dirisha lilikuwa wazi. Miss Pargeter alikuwa ameinamia mguu wa mbele wa Juno. Alibonyeza kwato, akakunja goti, akapapasa mshipa mpaka juu, akamtembeza mbele na nyuma. Nilimsikia akimwambia Tarlochan kwamba mguu huu hauna kitu, na kama kuna mtu anayejua miguu ya farasi ni yeye, fundi wa viatu, sasa imekuwaje. Tarlochan alisema neno ambalo sikulisikia. Miss Pargeter akamwagiza alete tandiko.

Uongo wetu ulikuwa wa mguu, na mguu ulikuwa mzima.

Raksha alikuja mbio, kofia ngumu mkononi. Tarlochan alifunga tandiko. Alikawia kwenye ule mkanda wa tumboni, akageuza kichwa, akatazama dirishani kwangu. Nilimwona. Aliniona. Nilikuwa nimebakiza mzunguko mmoja wa bandeji na pini. Nikajiambia ni somo moja tu, ni mwendo wa kutembea, Juno ni mpole, nikienda sasa nitasema nini mbele ya watoto wote, na Jumapili si mbali. Nikamaliza kufunga bandeji. Nikatia pini.

Walizunguka uwanja mara mbili vizuri. Mara ya tatu Juno akasimama. Raksha alimgusa kwa visigino kama alivyofundishwa. Juno akainua kichwa, akapiga miayo, kisha akaanza kutembea, siyo kwa kufuata uwanja, bali moja kwa moja kuelekea ukuta wa matofali wa banda. Hakukimbia. Raksha alivuta hatamu kwa mikono miwili, akaegemea nyuma, akamwita kwa jina lake. Miss Pargeter akapaza sauti amgeuze kushoto. Juno hakugeuka wala hakupunguza mwendo. Aliingia ukutani kama mtu anayeingia mlangoni.

Kichwa kiligonga, mwili ukageuka ubavu, mguu wa Raksha ukabaki kati ya farasi na matofali. Na Juno akaendelea kusukuma.

Nilikuwa nimekwisha kuruka dirisha. Nilipofika, Miss Pargeter alikuwa ameingiza bega chini ya shingo ya farasi, anamsukuma nyuma kwa mwili wake wote, yule mama mwembamba, na Tarlochan anavuta mkia. Farasi hakuwapiga teke wala hakulia. Alikuwa anausukuma tu ukuta, macho wazi, bila kutuona. Walipopata nafasi ya kiganja nilimshika Raksha kwapani nikamvuta. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Dada, mwambie anko amshike, anaumia kichwa."

Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika paja, na chini ya goti mfupa ulikuwa nje. Nilizuia damu, nikaufunga mguu kwenye ubao wa kizuizi cha kurukia. Kazi yangu naijua, mikono yangu ilifanya yenyewe. Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika ishirini na tano.

Saa tisa alikuja daktari wa mifugo. Alimtazama Juno macho na ufizi, akauliza anakula nyasi za wapi. Alisema hakuna dawa. Tarlochan aliomba yeye ndiye amshike kichwa. Wakampeleka nyuma ya ghala. Nilisikia mlio mmoja wa risasi.

Ijumaa, 20 Agosti

Nilikwenda kwa Miss Pargeter asubuhi, kabla Tarlochan hajafika. Alikuwa chumba cha matandiko ya farasi, anapiga ngozi rangi, bega lake limevimba na hakutaka niliangalie. Nilimweleza yote: gunia, mashina, Pasaka, moshi, macho ya njano, siku tano nilizotoa. Nilimweleza na ile bandeji.

Nilingoja sauti ile. Hakupandisha sauti. Aliweka kitambaa chini.

"Ulijua Jumatatu," alisema.

Nikasema nilishuku Jumatatu, nikajua Jumanne.

Kisha akasema yeye ameishi na farasi miaka arobaini. Aliiona pua, aliiona miayo, na mara mbili alimwona Juno amesinzia amesimama, zote dalili za ini; akajiambia ni joto, kwa sababu mwaka huu kila kitu ni joto. Na alipoambiwa mguu unauma akakuta hauumi, hakuuliza kwa nini mtu mwaminifu amdanganye. "Mimi ndiye niliyempandisha mtoto," alisema. "Tutaandika taarifa tatu, Nesi. Yako, yangu na yake. Hakuna atakayejificha nyuma ya mwenzake."

Tarlochan alipofika, Miss Pargeter alimwita ndani. Mlango haukufungwa. Alimpa kiti, yule mama ambaye sijawahi kumwona akimpa mtu kiti. Mzee alisema mwenyewe, kwa Kiingereza chake, tangu mwanzo mpaka mwisho, na kilemba chake kilikuwa kimenyooka.

Alipotoka alinipita, akarudi hatua moja. Nilidhani atanilaumu.

"Mimi niliomba, sista. Lakini wewe ungeweza kukataa."

Jumapili, 22 Agosti

Hakuna onyesho. Bwana Allsop amewaambia wageni kwamba ni kwa sababu ya joto. Gitaa liko juu ya kabati.

Jumanne, 24 Agosti

Daktari wa mifugo ametoa damu ya farasi wanane waliobaki. Wawili wana ini bovu. Sita damu yao inaonekana safi, lakini anasema hilo halimaanishi kitu. Wote wamekula rundo lilelile tangu Aprili. Ini hujikongoja kimya mpaka lishindwe, na linaweza kushindwa Oktoba, au Februari, au lisishindwe. Nyasi zilizobaki zimechukuliwa zote.

Asubuhi na jioni Miss Pargeter na mimi tunapita kila banda. Yeye anashika kichwa, mimi nainua kope. Hatuzungumzi ila kusema rangi. Sasa namwelewa kidogo. Ukavu wake ni wa mtu anayesikiliza mnyama, siyo watu.

Tarlochan ameachishwa na wenye kambi. Miss Pargeter aliandika barua kupinga, akaniomba niisome kama Kiingereza chake ni cha adabu. Haikusaidia. Na jikoni nimesikia kwa masikio yangu mpishi akisema vile vile mzee alivyosema watasema.

Ijumaa, 27 Agosti

Nimemwandikia Manubhai, baba yake Raksha, barua mara tatu. Nimezichana zote. Jambo kama hili haliendi kwa posta.

Jumapili, 29 Agosti

Mvua. Ilianza mchana, matone makubwa juu ya vumbi, kisha ikamwagika. Watoto walitoka na nguo za ndani, Bwana Allsop alicheza nao kwenye matope akilia. Farasi wanane walisimama katikati ya malisho, vichwa chini. Niliwahesabu mara mbili.

Jumanne, 31 Agosti

Nilishika mabasi mawili mpaka hospitali. Sikuvaa sare.

Manubhai alikuwa kwenye kiti cha nje ya wodi ya watoto, koti la dukani bado mwilini. Nilikuwa simjui kwa sura lakini yeye alinijua. Alisimama, akanishika mikono yote miwili. Daktari alikuwa amemwambia kwamba bila yule muuguzi wa kambi kuzuia damu vile, mguu ungekatwa. Alisema mama Raksha amejifungua salama, mtoto wa kiume, na nyumbani kwao jina langu linatajwa katika maombi. Alikuwa na boksi la mithai, vitamutamu vya Kihindi, la kwangu, alilibeba siku tatu akitumaini nitakuja.

Nilimwomba tukae. Nilimweleza. Nilianza na gunia, nikamaliza na pini. Alinisikiliza akitazama sakafu, boksi juu ya magoti. Nilipokwisha, mfagiaji alipita na ndoo, akarudi.

Nilimwambia nimekuja kuomba radhi.

"Mimi sikuwa juu ya farasi," alisema. "Mwambie mwenyewe."

Mguu wa Raksha umening'inizwa kwa kamba na vyuma, na utakaa hivyo wiki kumi. Utapona, lakini utakuwa mfupi kuliko mwingine. Amekonda. Aliponiona aliangaza uso wote, akasema, "Dada, umekawia," akaanza kunieleza kwa Kiswahili habari za mtoto mpya, na za msichana wa kitanda cha pili anayeiba zabibu. Akauliza Juno hajambo. Baba yake alikuwa amemwambia yuko malishoni.

Nilivuta kiti. Nilimwambia Juno amekufa, na jinsi alivyokufa, na kwamba anko alimshika kichwa. Nilimwambia alikuwa mgonjwa wa ini tangu kabla ya pua kubabuka, hakuna alichofanya yeye vibaya, wala Juno hakumkusudia. Alilia bila sauti, akiwa hawezi kujigeuza kwa sababu ya zile kamba. Kisha nikamwambia sehemu iliyobaki. Kwamba siku ile alipomshika Juno nikainua kope, niliona. Kwamba kesho yake nilijua, nikanyamaza.

Alifuta uso kwa shuka. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile, nilipopanda, ulikuwa dirishani. Uliniona?"

"Nilikuona."

Alitazama dari. Aliposema tena, alisema kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, kama wanavyofundishwa shuleni kusema na watu wazima wasiowajua. Aliniita Nesi. Alisema angependa baba yake aingie sasa, tafadhali.

Nikainuka, nikaenda kumwita.